Kengele za Baba, Kisigino Changu

Jumatatu, 7 Novemba

Wamenibadilishia mtu!

Kiangazi chote nilihudumiwa kama mwanadamu kwenye kliniki ya maji moto. Tope la moto kisiginoni, umeme kidogo wa kutekenya, taulo, usingizi. Leo nafika, naelekea chumba cha tope kama kawaida — mwanamke amesimama mlangoni, ameziba njia. Mabega ya mpakia magunia. Anatafuna mbegu za alizeti, maganda anatemea kwenye kikombe cha plastiki.

"Velko? Mwenye kano ya kisigino iliyokatika?"

Nikasema ndimi.

"Tope limekwisha. Vua viatu."

Akanipandisha kwenye ukingo wa kipandio cha mbao, vidole juu, visigino vinaning'inia nje. Jinyanyue kwa miguu yote miwili, kisha jishushe kwa ule wa kushoto, polepole. Ule mbovu! Peke yake! Nilifika nusu, mguu ukatetemeka ukaniachia, nikakumbatia ukuta. Mlango wa pili ulikuwa wazi, na mzee Pencho, mkuu wa stesheni mstaafu, alikuwa amezama kwenye tope lake hadi kiunoni. Alicheka mpaka tope likachuruzika sakafuni.

"Inuka," mwanamke akasema. "Tena."

Nikamwambia neno hilo asilirudie mbele yangu.

"Neno gani? Inuka?"

Hilo hilo. Akapandisha mabega. "Haya, panda basi. Kwangu sawa tu."

Anaitwa Zdravka. Niliuliza mapokezi anatoka wapi. Vrane ya Chini! Mimi mtu wa Vrane ya Juu, kijiji hasimu, mguu wangu wamemkabidhi mtu wa Vrane ya Chini. Fisi kapewa bucha alinde.

Jumatano, 9 Novemba

Nimekwenda kwa sababu moja tu: kumwambia Zdravka kwamba siendi tena. Mguu unauma tangu juzi.

Akauliza: umevimba? Hapana. Asubuhi hii unauma kuliko juzi ulipoingia hapa? Hapana, lakini — akanikata. Hakuna lakini. Maumivu yanayokuja kwa kazi na kupoa kesho yake ni halali yako, akasema. Yakiamka makubwa kuliko yalivyolala, hayo niletee mbio, tutapunguza mzigo. Nikamweleza kwamba daktari aliyenishona alisema nijihadhari. Akacheka kwa pua. Alisema ujihadhari mwezi wa tatu, bwana. Sasa ni wa kumi na moja. Umejihadhari mpaka shavu la mguu limekwisha.

"Kano haina masikio," akasema. "Huwezi kuibembeleza. Inaelewa mzigo tu."

Nikamuuliza kama ndivyo wanavyowafundisha ng'ombe wao huko bondeni. Akatema ganda.

"Ng'ombe wetu hawalalamiki. Panda."

Nikapanda. Kwa hasira, si kwa kumtii. Nataka iandikwe hivyo, hata kama msomaji ni mimi peke yangu.

Ijumaa, 18 Novemba

Mama amepiga simu kliniki kunitetea. Nina miaka arobaini na minne! Fundi wa mapaa, nusu ya nyumba za wilaya hii nimeziezeka mimi — na mama yangu anapiga simu kana kwamba nimepigwa shuleni.

Aliyepokea ni Zdravka mwenyewe. Nilikuwa palepale, mguu mmoja kwenye mbao. Sauti ya Mama ilitoka kwenye simu hadi kwenye tope la mzee Pencho.

"Unamuua mwanangu! Kitu kilichokatika kinatulizwa, hakichokozwi!"

"Mama," Zdravka akasema, "paa likivuja, mwanao hulifunika blanketi?"

Hakungoja jibu.

"Hulipanda. Haya, siku njema, Mama."

Jioni nilimkuta Mama ananisubiri na supu ya maharage na methali yake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamwambia guu lilishavunjika, Mama, na wakati huo nilikuwa nasikia kila kitu.

Ukweli ni kwamba ananiudhi kuliko Zdravka. Tangu niumie hunikatia mkate. Hunifunga kamba za viatu nikimwachia. Amenawiri! Mguu mbovu umemrudishia mtoto wake, na haoni sababu ya kumtoa tena nje.

Jumapili, 27 Novemba

Nayden amekuja. Mtoto wa baba mdogo, ndugu wa damu, mnafiki wa kuzaliwa. Kaleta mvinyo mpya, kakaa kwenye kiti cha marehemu baba, na macho hayakubanduka ukutani.

Ukutani kuna mkanda wa kengele wa baba. Kengele za shaba, uzito wa gunia la unga, kubwa kuliko zote inakaa upande wa kushoto. Jumapili ya mwisho kabla ya Kwaresima, wanaume wa kwetu huvaa ngozi na vinyago, hujifunga kengele, huruka nyumba kwa nyumba kufukuza mabaya ya majira ya baridi. Ndio hao kukeri. Baba aliongoza mstari, nikafuata mimi. Na sheria hata watoto wanaijua: mwanamume asiyeruka siku hiyo, mkanda wake haukai ukutani kula vumbi. Unahamia kwa ndugu wa damu anayefuata. Anayefuata ni yeye.

"Kaka, siulizi kwa ubaya," akasema. "Mwezi wa pili si mbali. Kama mguu haufai, niambie mapema, niutie mafuta ule mkanda."

Kwa ubaya! Yeye ndiye wa kuniambia ubaya!

Kiongozi wa kukeri lazima afe. Ndiyo desturi. Katikati ya uwanja huanguka, hulala kama maiti, watu humzunguka wakipiga kelele: Inuka! Inuka! Naye hufufuka, na mashamba huzaa. Mwaka huu nilianguka kabla ya wakati. Nilitua kutoka kwenye mruko, kisigino kikalia kama mjeledi. Nikapiga ukelele. Na uwanja mzima ukashangilia! Walidhani ndicho kifo chenyewe, tena kimeigizwa vizuri kuliko miaka yote. Inuka! Inuka! Nilikuwa nalia, lakini machozi yaliyo ndani ya kinyago nani atayaona? Nayden akanishika makwapani, akanisimamisha kwa nguvu juu ya mguu uliokatika. Anacheka. Nilimsikia anacheka.

Mvinyo wake nimeumwaga kwenye sinki. Ulikuwa mzuri, kwa harufu tu.

Jumanne, 6 Desemba

Sikukuu ya Mtakatifu Nikola. Mama ameoka samaki. Mimi nimebebeshwa mchanga.

Naam, mchanga. Mfuko mgongoni, kupanda na kushuka kwa kisigino. Nikasema bado hata bila mfuko sijaweza vizuri. Zdravka akasema jana uliweza. Nikasema jana niliweza kwa shida. "Basi shida imekwisha, tunatafuta nyingine," akasema. Yaani nikishinda jambo, zawadi yangu ni jambo gumu zaidi. Nikamuuliza mchezo huu mwisho wake ni wapi. Akaniuliza mimi ninataka kufanya nini na mguu huu. Kupanda mapaa? Kuruka na mkanda? Nikasema vyote viwili.

"Basi mwisho wake ni huko. Ukiufundisha mguu kazi ya blanketi, utakuwa mguu wa blanketi."

Mzee Pencho naye sasa anatolewa kwenye tope. Goti lake linakunjwa kwenye kiti, kukaa na kusimama, kukaa na kusimama, anamlaani Zdravka na ukoo wake wote. Kwa mara ya kwanza nilimpenda yule mzee.

Nimepanda ngazi za nyumbani leo bila kushika ukuta. Sijamwambia mtu.

Jumatano, 28 Desemba

Kliniki imefungwa kwa sikukuu. Ah!

Jirani amechinja dume la kondoo, na Mama alikwenda kuisubiri ngozi kabla haijapoa. Kaipaka chumvi na pombe yetu kali ya rakia, kanifunga kisigino hadi gotini, upande mbichi ndani, sufu nje. Ngozi ya papo hapo hunyonya maumivu — bibi alimfunga babu hivyohivyo farasi alipomvunja mbavu. "Usikanyage chini mpaka niseme mimi," akasema.

Ningekataa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nikatae. Lakini lile joto lake! Nje kuna theluji, ndani kuna kuni, mguu uko kwenye sufu, na hakuna mtu anayeniambia panda. Mama ananiletea kabichi iliyoviringishiwa nyama, hadi kitandani. Zdravka na apande mwenyewe.

Jumatatu, 9 Januari

Zdravka aliisikia harufu kabla sijavua koti.

"Kondoo," akasema. "Walikufunga ngozi."

Nikavua koti. Akaniweka kwenye mbao. Nikapanda kwa miguu miwili, nikashuka kwa mmoja — na mguu ukaniachia palepale pa mwezi wa kumi na moja. Palepale! Mzee Pencho, ambaye likizo nzima alikaa na kusimama kwenye kiti cha jikoni kwake, sasa anatembea bila fimbo. Alinitazama kwa huruma. Mzee wa tope ananihurumia mimi!

Nilingoja Zdravka afoke. Hakufoka. Alikaa kwenye benchi, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba ngozi haikunidhuru, ngozi ni ngozi, hata mama yake huwafunga watu. Kilichonidhuru ni kitanda. Siku zote hizo nilizolala, mguu ulikuwa unasahau.

"Lete mkanda wako," akasema.

Nikamtazama kama mwendawazimu. Kengele hazilizwi kabla ya siku yake. Ukizitikisa mapema unayaita mabaya badala ya kuyafukuza. Mtu wa Vrane ya Chini anajua hilo kama ninavyolijua mimi.

"Usinifundishe kukeri, baba yangu ni kukeri," akasema. "Nimesema ulete, sijasema uzilize. Zijaze sufu. Mchanga umekutosha. Kisigino lazima kiujue mzigo wenyewe kabla ya siku yenyewe, la sivyo kitakutana nao uwanjani kama mgeni. Mwaka jana ulijifunga ukitokea wapi? Kwenye sofa?"

Nilitokea kwenye sofa.

Jumanne, 24 Januari

Nimefanya. Mama alikwenda kanisani, nikaushusha mkanda ukutani kwa kuubana kifuani kama mtoto mchanga, usije ukalia. Nikajaza kengele moja baada ya nyingine. Na sufu niliitoa wapi? Nilinyoa ile ngozi ya kondoo.

Mama ameikuta uani, ina upara. Akaingia nayo ndani. Alitazama ukutani palipokuwa na mkanda, akatazama ngozi, akaelewa yote mawili kwa pamoja.

"Baba yako pia alikuwa hivi," akasema. "Nilikaa dirishani kila mwaka nikingoja wamlete amebebwa. Mwaka jana wakaniletea wewe."

Nikasema sitabebwa. Akasema wote husema. Kisha akasema anaomba Mungu mkanda uende kwa Nayden, uende mbali, na asiusikie tena. Mkanda wa mume wake! Nilimwambia neno baya. Alilistahili, nadhani. Sasa yuko chumbani kwake na sauti ya redio iko juu.

Alhamisi, 2 Februari

Kuruka na kengele zilizozibwa midomo ni kitu cha aibu. Mzigo wote upo, sauti hakuna. Nikitua unasikia du! tu, kama gunia la viazi limeangushwa. Ukumbi mzima wa kliniki ulisimama kunitazama.

Zdravka hakutazama kengele. Alikuwa amechuchumaa, macho kwenye miguu yangu.

"Unatua na kulia."

Nikasema natua na yote miwili.

"Kulia kwanza, kushoto kunakuja kama mgeni wa arusi aliyechelewa. Tena."

Tena. Kulia kwanza. Tena. Kulia kwanza! Mguu wenyewe unachagua, mimi simo. Jasho linatiririka, kiuno kinakatika, mbegu za alizeti zinapasuka. Nikamwambia: unafurahi, siyo? Unapenda kumwona mtu wa Vrane ya Juu anahema.

"Sana," akasema. "Mwaka ule pale darajani kukeri wa vijiji vyetu walipokutana wakapigana, mtu wa kwenu alimvunja kaka yangu pua. Siwapendi ninyi hata kidogo. Tena."

Angalau ni mkweli.

Jumatatu, 13 Februari

Leo kushoto kwanza.

Sikukusudia. Nilikuwa nimekasirika — alisema nyama ya mguu wangu ni ya kuku wa mjini — nikaruka kwa hasira tupu, na nikatua na kushoto. Kisigino kikapokea mzigo wote, kikaupeleka juu, kikaurudisha. Kama zamani. Nikaruka tena. Kushoto. Mzee Pencho akapiga makofi. Zdravka akasema "ndiyo huo," akaenda kumshughulikia mtu mwingine, bila hata kugeuka.

Nilikaa kwenye gari nje kwa muda kabla ya kuwasha. Nilikuwa na furaha, na ilinikera kwamba nimeipata kwake.

Kesho yake uvimbe? Hakuna. Naandika hili asubuhi ya Jumanne. Unauma kidogo, halali yangu.

Alhamisi, 23 Februari

Nimemtukana Zdravka. Matusi ya kijijini, yale ambayo baba alikuwa anawatolea punda na makarani. Na bado sijashiba.

Ilikuwa siku ya mwisho. Nilijipanga. Niliingia nachechemea — kidogo tu, kwa ustadi. Akanipima kila kitu. Kupanda kwa kisigino cha kushoto peke yake na mfuko. Kuruka kwa kushoto. Mkanda. Kote nikafika. Nilijaribu kutofika, na nikafika! Mguu mpumbavu huu haujui hata kudanganya.

Kisha nikasikia mdomo wangu unasema: labda bado, au siyo? Labda useme wewe kama mtaalamu kwamba mwaka huu bado.

Akaacha kutafuna.

"Unataka nikukataze."

Nikasema sitaki chochote, nauliza.

"Unataka sana. Ukamwambie mama yako, na binamu yako, na kijiji chako: mimi nilikuwa tayari, mtu wa Vrane ya Chini akanizuia. Sikupi hiyo. Mguu uko tayari."

Na ukikatika?

"Unaweza kukatika. Hata ule wa kulia unaweza, siwezi kukuapia hata ule. Lakini kazi umeifanya, na mguu umeitikia. Kano haina kosa tena, Velko. Mwoga ni wewe."

Hapo ndipo nilipomtukana. Alisikiliza mpaka mwisho. Alipoona nimemaliza akaniuliza kama nimemaliza. Akasema Jumapili mchana watakuwa darajani, kaka yake na wote, na anataka Vrane ya Juu ije na kiongozi wake, maana kuwashinda vilema hakuna utamu.

"Usirudi hapa tena," akasema. "Huna cha kufanya hapa."

Nimefika nyumbani nimepiga teke mlango wa banda. Kwa mguu wa kushoto. Haukuuma.

Naogopa. Haya, nimeandika. Si mzigo ninaouogopa. Naogopa kulala chini tena pale uwanjani, nikilia, na wao wakishangilia.

Jumamosi, 25 Februari

Nayden amekuja na safari hii hakuleta mvinyo. Hakukaa pia.

Kesho ni Jumapili ya kuombana msamaha, mdogo humwendea mkubwa. Nilidhani kawahi kwa hilo. Hapana. Amekuja kwa mkanda. Nikamwambia nitajua kesho. Akasema kesho ni kuchelewa mno, watu wanataka kujua nani yuko mbele.

Nikamwambia: ulicheka.

"Nini?"

"Uwanjani. Ulinishika, ukanisimamisha juu ya mguu uliokatika, na ulikuwa unacheka."

Alikuwa mweupe kama jibini. "Nilidhani unakufa vizuri, kaka," akasema. "Kama mzee wako alivyokuwa anakufa. Nilikuwa na furaha kwa ajili yako."

"Uso wangu ulikuwa mbele yako."

"Kinyago kilikuwa mbele yangu."

Kweli. Lakini sitaki iwe kweli. Nimeibeba chuki hii mwaka mzima, nimefanyia mazoezi nayo kuliko mchanga, na sasa anataka niitue chini eti kwa sababu ya kinyago! Sikumsamehe. Nilimwonyesha mlango. Pale kizingitini akageuka.

"Tunaanzia kwako kesho. Ukitufungulia kama mwenye nyumba, ukiwa na mayai na mvinyo, basi nitaelewa, nitapokea mkanda kwa heshima. Ukitoka umeufunga, nitasimama nyuma yako. Sitasema neno."

Heshima! Ningependa kumpiga. Ningependa zaidi awe mtu mbaya, kama nilivyomzoea.

Jumapili, 26 Februari

Naandika nimesimama, daftari liko kwenye dirisha la chumba changu. Ukishafunga mkanda hukai. Ngozi ya mkanda haikunjiki, na kengele zinakupiga mapaja.

Nimejifunga mwenyewe. Kamba kwenye kitasa cha mlango, nikavuta mpaka pumzi ikakatika. Haina maana yoyote. Nilitaka tu kujua kama unanienea bado. Unanienea. Sufu bado imo ndani, kwa hiyo Mama hajasikia kitu. Kengele moja tu nimeizibua, ile kubwa ya kushoto, nione kama ulimi wake bado mzima. Nimeushika kwa kidole, nimeona mzima, nimeuachia polepole. Baadaye nitairudishia sufu. Au nitazizibua zote. Kwa sasa nasimama wima, sitikisiki, basi.

Mama ameandaa meza ya mwenye nyumba. Mayai, jibini, keki ya unga na jibini imetoka jikoni sasa hivi, mvinyo kwenye jagi. Na kiti cha baba ameweka karibu na mlango, kina mto mgongoni na kigoda cha kuwekea mguu. Kigoda! Alikisogeza kidogo tu, kikae sawa.

Kiti kile ni kizuri. Nikikikalia sasa hivi, hakuna atakayenilaumu. Mguu wa Velko, masikini. Watakunywa, watanibariki, Nayden atauchukua mkanda kwa heshima, na majira ya kuchipua nitapanda mapaa ya watu polepole. Mama atanikatia mkate. Na yule mwanamke darajani atatema ganda lake, atasema: nilijua.

Wameingia barabara yetu. Nawasikia kabla ya kuwaona — kengele zote za kijiji kwa pamoja, vioo vya dirisha vinatetemeka. Mbwa wa jirani amejificha. Sasa nawaona. Nayden yuko mbele, lakini amekaa pembeni kidogo, ameacha nafasi katikati. Nafasi yangu! Amesema atasimama nyuma, na kweli ameiacha wazi. Namchukia kwa hilo pia.

Wamefika kwenye geti. Wamesimama. Desturi ni kusimama, kuita mara moja, na kungoja mlango. Nayden ameita jina langu. Nasikia nyayo za Mama ukumbini. Anakwenda kufungua, kisha atakuja kunichukua, atanishika mkono mpaka kwenye kiti. Bado nina muda wa kufungua kamba. Kitasa kipo hapa. Ni kuvuta tu —

Imelia.

Ile kubwa. Mara moja, wazi, nyumba nzima. Sikuruka, sikugeuka, naapa sikutikisika, nilikuwa naandika! Nje pamenyamaza. Kengele zote zimenyamaza. Nayden anauliza, si kwa kelele: "Hiyo ni ya nani?"

Mama yuko mlangoni mwa chumba changu. Mkono uko kwenye fremu. Hanitazami usoni, anatazama chini. Nami nikatazama chini.

Nimesimama kwa vidole vya mguu wa kushoto peke yake. Kisigino kiko juu, kimekaza, kimebeba mkanda wote wa baba, kama kwenye mbao. Hata sikuhisi kikipanda. Hakuna aliyeniambia niinuke.